Mara, mfu mzito au mwanamke wa ndotoni: umlaumu nani katika hadithi ya jinamizi la Skandinavia?

Kosa langu lilianzia kwenye sentensi moja. Nilikuwa natafsiri masimulizi ya kijijini ya Kiswidi, yale ya mtu kukabwa usiku, na mtesaji mwenyewe kwa Kiswidi anaitwa mara. Nikaandika: "Mara mara akaingia." Nikaisoma kwa sauti, nikacheka peke yangu. Nikafuta, nikaweka "jinamizi", kazi ikasonga. Kufika ukurasa wa mwisho nilikuwa nimejaza jinamizi kila mahali: alipokuja jirani wa kike kupitia tundu la ufunguo, alipokuja maiti aliyekataa kutulia kaburini, hata alipokuja bibi aliyezikwa chini ya sakafu ya kanisa kulalamika kwamba machozi ya mtu yanamchoma. Wote watatu, jinamizi. Ni sawa na kuwaita nyuki, siafu na nge wote "mdudu", halafu ukategemea msomaji ajue akimbie au arine asali.

Kwa hiyo huu ni ulinganisho kwa yeyote anayetafsiri, anayetunga au anayesimulia habari za huko kaskazini na anataka kujua amchague nani wa kumkalia mhusika wake kifuani. Nitazungumzia hasa watatu, wengine nitawagusa tu. Iceland naiweka humu pamoja na Uswidi, Norwei na Denmark kwa sababu walowezi wake wengi walitoka Norwei, na bila maandishi ya Waiceland tusingejua hata nusu ya haya.

Mwonekano hausaidii sana kuwatofautisha, maana usiku hakuna anayeona vizuri. Mimi hutumia maswali mawili. Je, aliyelala aliweza kusema? Na kulipokucha, nani alilaumiwa?

Mara: aliye hai, tena pengine jirani yako

Mara ametapakaa kote huko, na ushahidi umo katika neno lenyewe la ndoto mbaya. Waswidi husema mardröm, ndoto ya mara. Wanorwei husema mareritt na Wadenmark mareridt, yaani kupandwa na mara kama farasi anavyopandwa. Waiceland husema martröð, kukanyagwa na mara. Sisi tunasema jinamizi limenikaba. Kwetu mkono uko shingoni, kwao mguu uko kifuani.

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha mfalme Vanlandi wa Uppsala, kama alivyokiandika Mwaiceland Snorri Sturluson katika karne ya 13, akitegemea shairi la kale zaidi. Vanlandi alikaa majira ya baridi nchini Finland, akamwoa Drífa, binti wa mzee aitwaye Snær, jina ambalo maana yake ni theluji. Masika yalipofika akaondoka, akaahidi kurudi baada ya miaka mitatu. Ikapita kumi. Drífa akamwita Huld, mwanamke mjuzi wa uganga wa kale, akamlipa amrudishe mume wake Finland kwa nguvu za uganga, na ikishindikana amuue. Kule Uppsala mfalme akashikwa na hamu ya ghafla ya kwenda Finland. Washauri wake wakamzuia, wakasema huu ni uganga wa Wafini. Ndipo usingizi ukamlemea. Hakulala sana, akapiga kelele kwamba mara anamkanyaga. Watu wake wakakimbilia kichwani wamsaidie, mara akahamia miguuni, akaikanyaga karibu ivunjike. Wakakimbilia miguuni, akarudi kichwani, akakikandamiza mpaka mfalme akafa.

Angalia kile kipande cha kukimbia huku na huku. Watu wazima wenye silaha wanazunguka kitanda, wanajaza upande mmoja, adui yuko upande wa pili, na hakuna hata mmoja anayemwona. Ukitaka kuandika tukio la mara, anza hapo. Vanlandi aliweza kupiga kelele, ndiyo, na katika hilo yeye ni wa pekee kidogo. Katika masimulizi ya vijijini ya karne za karibuni anayekaliwa na mara kwa kawaida hawezi kutoa sauti wala kuinua kidole; anasikia kila kitu ndani ya chumba, pengine anasikia na hatua, ila mwili umekataa.

Swali la pili ndilo linalomtenga mara na wenzake wote. Katika masimulizi hayo, mara si pepo wala mfu. Ni mwanamke aliye hai, mara nyingi anayeishi kijiji hicho hicho, ambaye roho yake hutoka usiku akiwa amelala na kwenda kuwakalia watu. Tena mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Anaamka amechoka, hana habari kwamba usiku kucha alikuwa kifuani mwa mtu wa nyumba ya tatu.

Amekuwaje hivyo? Uswidi na Denmark walikuwa na jibu moja ambalo sijakutana na mfano wake kwingine. Ilisemwa kuwa mwanamke akitaka kuzaa bila uchungu, achukue utando anaozaliwa nao mtoto wa farasi, autandaze juu ya vijiti, kisha apite chini yake akiwa uchi. Uzazi utakuwa mwepesi, lakini malipo yapo kwa mtoto: akiwa wa kiume atakuwa mtu anayegeuka mbwa mwitu, akiwa wa kike atakuwa mara. Kwa hiyo yule anayekukandamiza usiku ni binti anayelipa deni la mama yake. Hapa ndipo hadithi ya mara inaponishinda kuichukia. Kila anayeguswa nayo ameumia: aliyelala, anayemlalia, na hata mama aliyeogopa kufa wakati wa kujifungua katika zama ambazo kufa hivyo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Mara huingia kupitia tundu dogo, la ufunguo au la fundo lililotoka kwenye ubao wa ukuta. Ipo hadithi iliyosimuliwa sana Denmark na Uswidi. Kijana anakaliwa kila usiku. Anagundua tundu analopitia mgeni wake, na usiku mmoja analiziba kwa kijiti. Asubuhi anakuta chumbani msichana mzuri, hana nguo, hajui amefikaje. Anampa nguo, anamwoa, wanapata watoto. Miaka inapita. Siku moja mume, kwa kujivuna au kwa mzaha tu, anamwonyesha mkewe lile tundu: "Ulipitia hapa." Anachomoa kijiti. Mke anatoweka kupitia hapo hapo, harudi tena.

Hiyo hadithi ukiitafsiri kwa neno "jinamizi" umeiua. Jinamizi haliolewi.

Kinga za mara ni nyingi na zote ni vitu vya nyumbani. Geuza viatu ncha zielekee nje, mbali na kitanda, ili asijue njia ya kupandia. Weka chuma, kisu au mundu, juu ya mlango au kitandani. Chora nyota ya pembe tano, ambayo Wanorwei huiita marekors, msalaba wa mara. Ziba tundu. Au ukimtambua, mtaje jina lake, kwa sababu mara aliyeitwa kwa jina lake la ubatizo hana nguvu tena. Kulikuwa pia na kibwagizo cha Norwei cha kumfukuza kwa kumtajia zana zilizomo ndani: hapa pana mkasi, hapa pana mkuki. Ukikisoma unaona ni mtu anayetetemeka gizani, anahesabu vyuma vyake.

Mara hawakalii binadamu tu. Farasi aliyekutwa asubuhi ametota jasho zizini, singa zake zimesokotana kama kamba, aliaminiwa kuwa amepandwa usiku. Misokotano hiyo Waswidi waliiita marlockar. Hata miti ilipandwa: misonobari midogo iliyodumaa na kupinda kwenye ufuko wenye upepo bado inaitwa martall, msonobari wa mara. Halafu kuna vile vifungu vya vijiti vinavyoota kama fagio juu ya mti wa betula, ambavyo kwa kweli husababishwa na kuvu. Viliitwa ufagio wa mara, na watu walivikata wakavitundika zizini juu ya farasi ili kumzuia yeye yule aliyedhaniwa kuvitengeneza. Nampenda mtu aliyebuni dawa hiyo. Amemwibia adui kiti chake.

Lakini upo upande usiochekesha. Mara akiwa ni jirani aliye hai, basi mtu aweza kushtakiwa. Sheria za Kikristo za zama za kati za mashariki mwa Norwei zilikuwa na kifungu juu ya mwanamke anayedaiwa kumpanda mwanamume au watumishi wake, na faini yake ilikuwa maki tatu, kipimo cha fedha cha wakati ule. Na katika Eyrbyggja saga, mojawapo ya masimulizi marefu ya kale ya Iceland yaitwayo saga, kuna kesi nzima ya namna hiyo. Kijana Gunnlaugr alikuwa akienda Mávahlíð kujifunza elimu ya kale kwa Geirríðr. Njiani palikuwa na mwanamke mwingine, Katla, aliyemtaka kijana huyo na mara kwa mara akamwalika alale kwake. Kijana akawa anakataa. Usiku mmoja baba yake alimkuta nje ya mlango wa nyumba yao hana fahamu, mabega yanavuja damu, nyama imetoka mpaka mfupani. Alilala mgonjwa majira yote ya baridi. Oddr, mwana wa Katla, akaeneza maneno kwamba Geirríðr ndiye kveldriða, mpandaji wa jioni. Geirríðr akapelekwa barazani kushtakiwa, ndugu yake Arnkell akamwapia pamoja na watu wengine kumi na mmoja, akaachiwa. Baadaye sana, akiwa karibu kuuawa, Katla mwenyewe akakiri kuwa ni yeye aliyemtesa Gunnlaugr. Akapigwa mawe.

Tazama jinsi lawama ilivyotembea. Jeraha ni moja, ila limepewa wanawake wawili kwa zamu, na wa kwanza hakuwa na hatia. Ukimchagua mara kwa hadithi yako, umechagua na hili: asubuhi kijiji kitaanza kutazamana.

Mfu mzito: huyu unapigana naye

Draugr watu wengi humtafsiri "mzuka". Si sahihi sana. Mzuka kwetu huonekana na kupotea, lakini draugr ana mwili, tena umevimba na una uzito kuliko alivyokuwa hai. Ni maiti yenyewe iliyoinuka. Anatembea juu ya mapaa usiku, anavunja milango, anaua ng'ombe.

Mfano bora ni Glámr katika Grettis saga. Huyu alikuwa Mswidi aliyeajiriwa Iceland kuchunga kondoo mahali ambapo wachungaji wengine walikataa kwa sababu ya mauzauza. Mtu mkorofi, hakufunga mkesha wa Krismasi kama Wakristo wa wakati ule, akala akashiba, akatoka na hakurudi. Walimkuta amekufa bondeni, mweusi, amevimba. Kisha akaanza kurudi.

Grettir, shujaa aliyekuwa na nguvu kuliko akili, akaenda kulala katika nyumba hiyo makusudi. Alijilaza kwenye benchi na nguo zake zote, amejifunika blanketi zito la manyoya, akichungulia kupitia tundu lake la shingo. Glámr akaingia, kichwa kinakaribia paa. Akaona furushi kwenye benchi. Akalivuta. Grettir akakaza miguu kwenye ubao, halikwenda. Akalivuta tena, halikwenda. Mara ya tatu akavuta kwa mikono miwili, wote wawili wakasimama, blanketi likapasuka katikati. Wakashikana mieleka, benchi zikavunjika, wakatoka nje na mlango. Huyu siye yule wa kifuani asiyekuruhusu kupumua. Hapa mlalaji yuko macho, ana mikono, ana sauti, anapambana.

Sasa kwa nini nimweke mfu huyu katika orodha ya waletao ndoto mbaya? Kwa sababu ya kilichofuata. Walipoanguka nje, wingu likasogea, mwezi ukamwangaza Glámr usoni, na macho yake yakamwishia Grettir nguvu. Hapo mfu akamlaani: macho haya utayaona mbele yako daima, na utaona vigumu kuwa peke yako. Grettir akamkata kichwa, mwili ukachomwa, majivu yakafukiwa mbali. Lakini laana ikabaki. Kuanzia hapo mtu huyu asiyeogopa binadamu yeyote akawa anaogopa giza kama mtoto mdogo, anaona vitu gizani. Mwishoni, akiwa amefukuzwa na sheria amejificha kisiwani Drangey, mdogo wake Illugi alikwenda naye kwa sababu Grettir hakuweza kukaa peke yake. Saga yenyewe inaeleza kwamba Waiceland husema "macho ya Glámr" kwa mtu aonaye vitu sivyo vilivyo.

Mara akiondoka, ameondoka. Usiku mwingine huenda asirudi. Draugr hupiga mara moja tu, lakini ndoto mbaya unabaki nayo maisha yako yote. Mwandishi anayetaka kuonyesha mtu aliyerudi vitani, au aliyeona ajali, hana sababu ya kumgusa mara. Amchukue Glámr.

Lawama hapa haimgusi jirani. Mkosaji ni marehemu, na dawa yake ni ya makaburi: kufukua, kukata kichwa, kuchoma, kuhamisha. Kijiji hakitazamani. Kijiji kinashika majembe.

Mwanamke wa ndotoni: huyu anazungumza

Wa tatu hakabi wala hakanyagi. Anakuja ndani ya ndoto kamili na anasema.

Gísli, katika saga inayobeba jina lake, aliishi miaka mingi akiwindwa katika fiyodi, yaani ghuba nyembamba, za magharibi mwa Iceland. Usiku alijiwa na wanawake wawili wa ndotoni. Mmoja mwema, alimwonyesha mioto saba na kumwambia kuwa hiyo ndiyo miaka iliyobaki ya uhai wake. Mwingine mbaya, kila alipokuja alitaka kumpaka damu, mara nyingine alimwosha kichwa kwa damu. Kadiri miaka ilivyokwisha, yule mbaya akawa anakuja zaidi, mpaka Gísli akaogopa giza na kuogopa kufumba macho. Alimwambia mkewe Auðr ndoto zake akizitungia mashairi. Kwa hiyo kwa lile swali langu la kwanza, jibu hapa ni kwamba aliyelala anasema sana, tena kwa vina.

Nani wa kulaumiwa? Hakuna. Ni majaliwa yake mwenyewe yanamtembelea. Huwezi kuyawekea kisu mlangoni.

Hapo karibu yupo fylgja, jina linalotokana na kufuata. Mimi namwita mwandamani. Kila mtu aliaminiwa kuwa naye, kwa umbo la mnyama au la mwanamke, na alitangulia mbele ya mwenyewe. Waiceland walikuwa na imani ambayo bado inanifurahisha: ukishikwa na usingizi usio na sababu mchana, au ukiota vibaya, huenda ni mwandamani wa mgeni aliye njiani kuja kwako, amefika kabla yake. Hapo wa kulaumiwa ni mgeni, na adhabu yake ni kumpikia.

Lakini mtembeleaji wa ndotoni ninayempenda kuliko wote yumo Laxdæla saga. Guðrún, mwanamke aliyeolewa mara nne na aliyesababisha vifo vingi ujanani, amezeeka Helgafell. Amekuwa mcha Mungu, usiku anakesha kanisani akisali. Mjukuu wake Herdís huenda naye. Usiku mmoja Herdís anaota mwanamke mwenye joho na kitambaa kichwani, sura yake haina upole. Anamwambia: mwambie bibi yako simpendi, kila usiku anagaagaa juu yangu na kunidondoshea machozi ya moto, naungua mwili mzima. Asubuhi Guðrún anaagiza mbao za sakafu zing'olewe, hapo hapo anapopiga magoti. Wakakuta chini mifupa ya rangi ya buluu iliyotisha, bruchi, na fimbo kubwa ya uganga. Walielewa: huyu alikuwa mganga wa zama za kabla ya Ukristo. Wakaihamishia mifupa mahali pa mbali ambapo watu hawapiti.

Hii ni ndoto mbaya inayokuja kulalamika kuwa yeye ndiye anayekaliwa. Aliye juu ni aliye hai. Sijaona mtu akigeuza jambo hili vizuri hivyo.

Waliobaki, kwa haraka

Wapo wanaotaka kumwingiza alv, yaani wale viumbe wa vilimani. Ujerumani wana haki hiyo, kwa sababu kukabwa usingizini kule huitwa Alpdruck, mkandamizo wa Alp, na Alp ni ndugu wa alv kwa jina. Uswidi mambo yalikuwa tofauti: viumbe hao walilaumiwa zaidi kwa upele na magonjwa ya ngozi, na watu walipaka mafuta au siagi kwenye vishimo vya mawe ya kale ili kuwatuliza. Kwa hiyo hadithi yako ikiwa ni ya Uswidi na mtu ameamka anawashwa, mchague alv. Akiwa ameamka anahema, mwache.

Nisse, yule mzee mdogo mlinzi wa shamba, naye alisokota singa za farasi. Watu wa kale wenyewe walichanganya hapo, usijisumbue. Nisse husokota kwa kumpenda farasi. Mara humwacha hoi. Mtazame farasi, si msokoto.

Maneno yetu, yapi yanafaa

"Jinamizi" ni neno zuri kwa tukio lenyewe. Mtu anaweza kukabwa na jinamizi huko Uppsala kama anavyokabwa Tanga, kwa sababu mwili ni ule ule. Madaktari huita hali hii kupooza usingizini: katika awamu ya usingizi yenye ndoto nyingi misuli hulegezwa ili mtu asiigize anachokiota, na pengine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa kazi. Kulala chali na kukosa usingizi wa kutosha huchochea. Takriban asilimia 8 ya watu hupatwa nayo walau mara moja maishani. Kwa hiyo kwa tukio, jinamizi. Kwa mtesaji, hapana.

"Mchawi" ndilo lililonijia la pili, na ndilo ninalolikataa kwa nguvu zaidi. Mchawi kwetu anajua anachofanya. Mara wa vijijini hajui. Huld, aliyelipwa na Drífa, huyo ndiyo, ni mchawi au mganga, andika bila wasiwasi. Lakini binti wa mama aliyepita chini ya utando wa farasi ukimwita mchawi umemhukumu kabla ya hadithi kuanza. Na sisi tunajua neno hilo lilivyowafanyia bibi wenye macho mekundu huko Kanda ya Ziwa, ambao wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa kuni. Sitaki kuliazima kwa ajili ya mapambo.

"Popobawa" nimeshauriwa mara mbili, na nimekataa mara mbili. Popobawa ni wa Pemba na Unguja, ana historia yake, na mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi karibu na moto kwa ajili yake. Kinga ile ya kulala pamoja nje haimo katika masimulizi ya mara, ambaye kinga zake zote zinamtaka mtu abaki chumbani, azibe matundu. Pia inasimuliwa kwamba popobawa hutaka aliyeteswa aseme hadharani, la sivyo atarudi. Mara hahitaji kutangazwa; hahitaji hata kujijua.

Nimchague yupi, basi?

Ukiwa na ndoa, na siri ndani ya ndoa, chagua mara na kijiti chake. Ukiwa na kijiji kinachotafuta mtu wa kumtupia lawama, chagua mara pia, ila uandike kwa uangalifu na umpe mtuhumiwa ndugu wa kumwapia, kama Geirríðr. Ukiwa na mhusika aliyeshinda kitu kikubwa na sasa hawezi kuzima taa, mpe draugr. Ukiwa na mtu anayehesabu siku zake, mgonjwa au mkimbizi, mwanamke wa ndotoni anatosha, na usimwonyeshe sana. Kwa bibi aliyetubu na mjukuu wake sina ushauri. Kisa kile kimekamilika, kitafsiri tu kama kilivyo.

Kama ningelazimishwa kumchukua mmoja, ningemchukua mara. Draugr anatisha zaidi na wanawake wa Gísli wana ushairi zaidi, lakini mara peke yake ndiye anayeamka asubuhi, anachota maji, anamsalimia mtu aliyemkanyaga usiku, na wote wawili wanalalamika kwamba hawakulala vizuri.

Yale masimulizi yangu nimeyarudia yote. Jinamizi limebaki mahali pawili tu. Maiti amekuwa mfu mzito. Mara nimemwacha na jina lake, namtangulizia "yule" au "bibi" ili asichanganywe na neno letu wala na mkoa wetu wa Mara, na namsemesha kama mtu: akaingia, akakaa, akatoka. Ile sentensi ya kwanza sasa inasomeka: "Usiku wa manane yule mara akapita kwenye tundu la ufunguo." Na "mara" ya kwetu, ile ya ghafla, nimeiondoa katika ukurasa wote.